Kalamu mpya ya wino inapogoma: kudai gerenti bila kuipoteza

Gerenti nyingi za kalamu za kujaza wino hufia mezani kwa mwenye kalamu, tena siku ileile ya kuifungua. Kalamu inakwaruza au inaruka herufi, na mwenyewe anachukua wembe anaupitisha kwenye mpasuo wa nibu, kile kipande cha metali kinachoandika, ili aifungue. Mwingine anaisugua kidogo kwenye msasa laini. Pengine ikaandika vizuri wiki mbili. Ikigoma tena na kurudishwa kiwandani, fundi ataitazama chini ya hadubini, ataona alama za wembe pande zote mbili za mpasuo, na jibu litakuwa fupi: nibu imechezewa, gharama ni zako. Hata kama kasoro ya mwanzo ilikuwa ya kiwanda kweli, ushahidi wake umeshafutwa.

Gerenti hulipia kosa la kiwanda. Hailipii kuanguka, wala wino usiofaa, wala karatasi mbovu, wala mkono wa fundi wa mtaani. Kazi ya anayedai ni kuyatenga hayo yote kabla hajaandika barua, kwa vipimo visivyoacha alama yoyote kwenye kalamu.

Anza kabla ya kutia wino. Piga picha boksi, risiti, kadi ya gerenti yenye mhuri wa duka na tarehe, na maandishi yaliyochorwa kwenye nibu. Kadi isiyo na mhuri ni karatasi tupu kwa watengenezaji wengi, kwa hiyo usitoke dukani kabla haijagongwa. Kisha tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Itazame nibu kwa mbele, ncha ikielekea jichoni. Kwenye ncha kuna kijidonge cha metali ngumu kilichochomelewa. Wengi wamezoea kukiita iridiamu, ingawa siku hizi kwa kawaida ni mchanganyiko wa metali nyingine ngumu za jamii hiyo. Mpasuo unakigawa kijidonge hicho vipande viwili, na vipande hivyo vinatakiwa viwe usawa mmoja. Kimoja kikiwa juu ya mwenzake hata kwa unene wa unywele, kalamu itakwaruza.

Sasa inua nibu kwenye mwanga. Mpasuo unapaswa kuonekana kama mstari mwembamba unaozidi kubana kuelekea kwenye ncha. Wino husafiri humo kama mafuta yanavyopanda utambi: hufuata mwanya unaobana. Mpasuo ukitanuka kuelekea nchani, wino hukataa kufika mwisho. Ukiwa umefungana kabisa toka juu hadi chini, kalamu itaandika kwa ukavu, rangi hafifu, kama inayoelekea kuishiwa. Igeuze ubavuni na uangalie fidi, kile kipande cheusi chenye mapezi kilicho chini ya nibu. Ikiwa unaona mwanga kati ya nibu na fidi, wino utakatikia hapo. Haya yote yapige picha kwa simu kupitia lenzi hiyohiyo. Picha za nibu kavu, iliyopigwa siku ya kwanza, ndizo zenye nguvu kuliko maelezo yoyote utakayoandika baadaye.

Baada ya hapo isafishe, kwa sababu kasoro nyingi zinazodhaniwa ni za nibu ni mabaki ya mafuta ya mashine yaliyobaki kwenye fidi. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye mililita 200 za maji ya uvuguvugu linatosha. Vuta na kutoa kwa konvata, kile kifaa kidogo cha kuvutia wino kinachokaa ndani ya kalamu, mara kumi hivi, halafu suuza kwa maji matupu mpaka povu liishe. Kipira cha kunyonyea makamasi ya mtoto, kile cha duka la dawa, hufanya kazi haraka zaidi kama mdomo wake unaingia shingoni mwa kalamu. Maji ya moto hapana, hupinda plastiki. Spiriti hapana kabisa, kwani hupasua baadhi ya plastiki zinazotumika kwenye shingo na mwili wa kalamu, na nyufa hizo hutokea siku kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau ulichofanya.

Wino wa majaribio uwe wa kampuni iliyotengeneza kalamu yenyewe kama inao: Pilot kwa kalamu ya Pilot, Pelikan 4001 kwa Pelikan, Quink kwa Parker. Kama huupati, wino wowote wa bluu wa kawaida uliotengenezwa kwa kalamu hizi utafaa. Sababu si ubora peke yake. Ukiandika kwenye barua kwamba ulitumia wino wao wenyewe, umeufunga mlango wa kisingizio kinachotumika kuliko vyote. Kinyume chake ni wino wa mhuri, wino wa printa, au wino mweusi wa wachoraji wenye shelaki, aina ya vanishi. Wino wa mhuri hauganduki upesi kwenye fidi, na ule wa shelaki ukikauka ndani hautoki kwa maji. Fundi akikuta masalia yake, mazungumzo yameisha.

Vipimo vyenyewe vinahitaji karatasi mbili tofauti, moja ya fotokopi ya gramu 80 na nyingine laini zaidi. Daftari la shule la bei rahisi litakudanganya: wino ukisambaa kama mizizi pembezoni mwa herufi, hilo ni la karatasi. Andika kurasa mbili kwa mwendo wako wa kawaida, kisha chora namba nane zilizolala, mistari ya kwenda kulia, kushoto, juu na chini. Usikandamize. Zungushia duara kila mahali iliporuka. Halafu iache wazi bila kofia sekunde 30 na ujaribu tena, kisha ifunge usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hivi, na asubuhi uandike neno la kwanza huku simu ikirekodi.

Dalili ndizo zitakazokuambia uombe nini.

Kalamu inayokwaruza upande mmoja tu, mathalani inapokwenda kulia lakini si kushoto, ina meno, yaani vile vipande viwili vya ncha, yasiyo usawa. Hii ni kasoro rahisi kuitambua na rahisi kukubaliwa, ila ina tatizo moja: kalamu iliyoanguka kwa ncha huonyesha dalili ileile. Ndiyo maana ile picha ya siku ya kwanza ina thamani. Inayokwaruza pande zote sawasawa huenda haina ubovu. Huenda ni nyembamba tu kuliko ulivyozoea. Nibu ya Kijapani iliyoandikwa F kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Kijerumani, na watu wengi wamerudisha kalamu nzima kwa ajili ya hilo. Baadhi ya watengenezaji hubadilisha ukubwa wa nibu bila malipo ndani ya wiki chache za kwanza ikiwa haijachakaa, lakini huko ni kubadilisha, si kudai kasoro. Ombi hilo likiandikwa kama malalamiko huchelewa.

Ngumu zaidi ni kalamu inayoandika vizuri sana, laini kama siagi, lakini kila mara inakosa mwanzo wa mstari wa kwanza wa herufi. Ukikandamiza kidogo wino unakuja. Hapo kijidonge cha ncha kiling'arishwa kupita kiasi, hata kingo za ndani za mpasuo zikawa za mviringo. Wino unaishia ndani ya mpasuo, juu kidogo ya karatasi, hauigusi. Wazungumzaji wa Kiingereza wameipa jina la utani la makalio ya mtoto mchanga, na ukiitazama nibu kwa mbele chini ya lenzi utaelewa kwa nini. Kasoro hii haiondoki kwa kuosha wala kwa kubadili wino. Inahitaji kusagwa kidogo sana na mtu anayejua, au nibu nyingine. Ni kasoro ya kiwanda asilimia mia, lakini ndiyo inayorudishwa mara nyingi na jibu kwamba haina tatizo, kwa sababu tutakazofikia.

Inayoandika nusu ukurasa, ikafifia, ikakauka, na ikiachwa dakika chache inafufuka, chunguza konvata kwanza. Kila tone linalotoka lazima liache nafasi ya kiputo cha hewa kuingia. Njia ya hewa ikiziba, au wino ukinata upande wa nyuma wa konvata badala ya kushuka, nibu inabaki na njaa ilhali tanki limejaa. Weka katriji, kile kichupa cha plastiki kinachouzwa kikiwa na wino tayari, ya kampuni hiyohiyo. Ikiandika vizuri, unachodai ni konvata tu, kitu chepesi kinachoweza kutumwa kwa bahasha. Isipoandika, ubovu uko kwenye fidi au nibu.

Inayokauka usiku wakati mchana haina neno, mshuku kofia. Ndani ya kofia kuna kikombe kidogo cha plastiki kinachozuia hewa, na kikiwa na ufa wino hukauka. Usikimbilie kulaumu tundu lililo juu ya kofia. Kalamu nyingi zinazolengwa wanafunzi huwekewa tundu kwa makusudi ili mtoto akimeza kofia aweze kupumua, kama kiwango cha kimataifa ISO 11540 kinavyotaka. Anayeziba hewa ni kile kikombe cha ndani.

Kwenye kalamu za pistoni, zile zinazovuta wino moja kwa moja ndani ya mwili wake bila konvata, wino ukionekana nyuma ya kichwa cha pistoni umepita kwenye kizibo chake cha kuzuia uvujaji. Hapo hakuna mjadala, dai. Pistoni ngumu tu, isiyovuja, mara nyingi inahitaji chembe ya grisi ya silikoni, na TWSBI kwa mfano huweka grisi na spana ndogo ndani ya boksi la baadhi ya kalamu zake ili mnunuzi aifungue mwenyewe. Hiyo ni ruhusa yao kwa kalamu zao. Usiichukue kama ruhusa ya kufungua kalamu ya kampuni nyingine.

Kuhusu kutapika wino, tahadhari kwa wasafiri. Kalamu iliyojazwa nusu Mombasa na kufunguliwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inaweza kuchafua kofia nzima bila kuwa na ugonjwa wowote. Mgandamizo wa hewa kule juu ni kama asilimia 80 na kidogo ya ule wa pwani, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya konvata hutanuka kwa karibu moja ya tano na kuusukuma wino. Ndani ya ndege ni hivyohivyo. Safiri nayo ikiwa imejaa kabisa au tupu, ncha ikitazama juu. Lakini kama inavuja ikiwa imelala mezani mji uleule, ifunge shingo kwa karatasi ya tishu kavu, iache saa chache, na uone doa limetokea wapi. Doa kwenye maungio ya shingo na mwili lina maana ya ufa au konvata iliyolegea. Doa kwenye nibu pekee ni jambo la fidi.

Ukishajua unachodai, nani wa kuandikiwa? Muuzaji kwanza. Yeye ndiye mliyeuziana, na sheria inamtambua: nchi za Umoja wa Ulaya humwajibisha muuzaji kwa miaka 2, Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003. Gerenti ya mtengenezaji ni ahadi ya ziada juu ya hayo, yenye masharti yake. Duka likikwama ndipo umwendee wakala wa nchi, na mwisho kiwanda. Wenye kalamu zilizoagizwa moja kwa moja kutoka Japani kwa sababu ya bei wajue kwamba wakala wa kampuni hiyo katika nchi nyingine anaweza kukataa kuzihudumia au akatoza, kwa kuwa hazikupitia kwake. Na kalamu ya mtumba, hata kama ina kadi, kwa kawaida gerenti yake ilimhusu mnunuzi wa kwanza.

Barua iwe fupi. Aina ya kalamu, rangi, ukubwa wa nibu, tarehe na mahali iliponunuliwa, wino, karatasi, na dalili moja iliyoelezwa kwa hesabu. "Haiandiki vizuri" haimsaidii fundi chochote. "Ikiachwa wazi sekunde 30, mistari 8 kati ya 10 ya kwanza huanza bila wino; nimeiosha kwa maji ya sabuni, nimejaribu katriji na konvata, hali haibadiliki; nibu haijaguswa kwa chombo chochote" humpa kila kitu. Taja pia pembe unayoshikia kalamu na kama unaandika kwa mkono wa kushoto. Hapa ndipo kalamu nyingi hurudi na jibu la kutokuwa na tatizo: fundi huichovya kwenye wino, anaandika mistari michache kwa mkono wake, kwa pembe yake, nibu ikiwa imelowa, na inaandika vizuri tu. Kasoro ya kuanza kwa shida haionekani kwenye nibu iliyotoka kuchovywa. Mwambie jinsi ya kuiona.

Uliza maswali matatu kabla ya kutuma: je, wanahitaji kalamu nzima au sehemu tu; nani analipa usafiri wa kurudi; na konvata iambatane au ibaki. Kwa kalamu ya nibu ya chuma cha kawaida, kama Lamy Safari ambayo nibu yake huchomoka kwa kipande cha selotepu, omba watume nibu. Usafiri wa kalamu nzima kwenda Ulaya na kurudi unaweza kuzidi bei yake. Kalamu ya nibu ya dhahabu, yenye alama ya 585 au 750, ndiyo inayostahili safari.

Kabla ya kufunga, toa wino wote, suuza mpaka maji yatoke meupe, na uisimamishe ncha chini kwenye kikombe chenye tishu kwa saa 24. Kata kipande cha bomba la PVC la kupitishia nyaya za umeme, kipana kiasi cha kupokea kalamu iliyozungushiwa plastiki ya mapovu, na urefu wa sentimita 18 hivi. Ziba ncha zote mbili. Ukitikisa usisikie kitu. Bomba liingie kwenye boksi la kadibodi, kamwe lisiwe bahasha, maana mitambo ya kuchambua barua hubana. Ndani weka nakala ya risiti, nakala ya barua, na ile karatasi ya majaribio yenye maduara. Boksi zuri la kalamu libaki nyumbani.

Fomu ya forodha wengi huijaza kwa uvivu. Namba ya ushuru ya kalamu hizi ni 9608.30. Eleza kwa Kiingereza kwamba ni bidhaa inayorudi kwa matengenezo chini ya gerenti na haijauzwa. Thamani usiandike sifuri. Ikipotea, fidia hufuata ulichoandika. Ukiwa Afrika Mashariki, waonyeshe maofisa wa forodha kalamu kabla haijatoka na uhifadhi karatasi watakayokupa pamoja na stakabadhi ya Posta au ya kampuni ya usafirishaji, kwa sababu ikirudi bila karatasi hizo itaonekana kama kalamu mpya uliyoagiza, na kubishana dirishani huchukua nusu siku.

Kiwandani mara nyingi hawatengenezi nibu, wanabadilisha nibu na fidi yake kwa pamoja. Hilo ni jema, ila mkono utahisi kalamu tofauti. Ikirudi, fungua boksi huku ukipiga picha, chukua lenzi, rudia ukaguzi wote ikiwa kavu, kisha wino uleule na karatasi ileile, sekunde 30 bila kofia, usiku mmoja ikiwa imefungwa. Ikirudia ugonjwa, waandikie ndani ya siku mbili, ukitaja namba ya kazi iliyo kwenye karatasi waliyorudisha nayo, na uambatanishe karatasi mbili za majaribio, ya kabla na ya baada, zikiwa bega kwa bega kwenye picha moja.